Faili la Safari: shajara ya mradi wa nyaraka za ughaibuni, Dodoma 2025

3 Februari

Mimi na mdogo wangu tumekubaliana mradi uanze, na jina lake ni Faili la Safari. Steshenari yetu ipo Makole, si mbali na hospitali ya mkoa, ile ambayo kila mtu hapa mjini anaiita General. Kwa miaka kadhaa sasa kazi inayotuweka mjini si fotokopi. Ni wauguzi, mafundi, madereva na vijana waliomaliza UDOM wanaotaka kwenda kufanya kazi nje. Wanaingia na bahasha ya kaki kwapani, wanaomba tuwajazie fomu. Tunawajazia. Baada ya muda wanarudi, karatasi moja imeisha muda wake na nyingine bado haijatoka.

Tunachotaka kujenga: kila mteja wa safari awe na faili moja, nakala za PDF zenye majina yanayoeleweka, na ukurasa wa mbele unaoonyesha kipi kitafutwe lini. Hatutoi viza, hatutafutii mtu kazi, na hatuna ndugu ubalozini. Hilo litaandikwa kwa wino mwekundu ukutani kabla ya kitu kingine chochote, maana swali la tatu la kila mteja ni "dada, huna mtu kule?"

Mdogo wangu, anayesoma kompyuta, atatengeneza jedwali la tarehe. Mimi nitahangaika na karatasi, na wenye karatasi.

8 Februari

Wateja wa majaribio wamepatikana, wote wamekubali niandike habari zao bila majina. Wa kwanza ni muuguzi mwenye stashahada, tayari ana mwajiri Ujerumani. Wa pili ni fundi viyoyozi wa Chang'ombe aliyeahidiwa kazi Dubai. Wa tatu ni dada anayetaka kwenda kulea wazee Uingereza. Yeye hana mwajiri, ana namba ya simu ya wakala tu.

Leo tumemwaga bahasha zote mezani na kuandika kilichomo. Nakala za nakala zilikuwa nyingi kuliko karatasi halisi.

11 Februari

Siku nzima imeishia kwenye jina la baba yake muuguzi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Lazaro. Cheti cha kidato cha nne kinasema Lazarus. Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinasema Lazaro, ila jina la babu limeota herufi h ambayo haipo kwingine kokote. Leseni ya uuguzi imefuata cheti cha shule. Sisi hapa tunaelewana: ukimwita mzee Lazaro au Lazarus, ataitika. Ofisa aliyekaa Ujerumani na faili peke yake hamjui mzee, anaona familia mbili.

Tulivyoamua: jina la NIDA ndilo nguzo. Pasi inafuata NIDA, viza inafuata pasi, na kadi ya ukaazi nayo inafuata pasi. Kwa hiyo herufi ya babu irekebishwe NIDA kabla hatujagusa fomu ya pasi. Vyeti vya shule havibadilishwi kirahisi, kwa hivyo hapo tunaweka hati ya kiapo mbele ya wakili, ikitaja kila karatasi na jinsi jina lilivyoandikwa, na kutamka kwamba mwenye majina hayo ni mtu mmoja. Kama mtu kabadili jina kwelikweli, labda kabatizwa ukubwani au kaachana na jina la mjomba aliyemsomesha, kiapo hakitoshi. Hapo inatakiwa hati ya kubadili jina, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Jambo la pili la leo: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, yaani mwaka, mwezi, siku. Ukizilinganisha na cheti cha kuzaliwa, kama kuna tofauti utaiona hapohapo. Mdogo wangu ameipenda hii hata anamshika mteja kitambulisho kabla ya salamu. Nimemwambia asalimie kwanza.

Fomu za Ulaya zinataka jina la ukoo kwenye kisanduku kimoja na majina mengine kwenye kingine. Sisi wenye jina letu, la baba na la babu tunajiandikia tunavyojisikia siku hiyo. Kanuni ya faili: fungua pasi, nakili mpangilio wake herufi kwa herufi, usimsikilize hata mama mzazi.

19 Februari

Kuanzia leo hatulamineti cheti halisi cha mtu yeyote. Pesa yake ilikuwa ya chai na sukari, lakini basi.

Chanzo ni cheti cha ufundi cha fundi viyoyozi. Cheti kinachokwenda kutumika Falme za Kiarabu hupita mlolongo wa mihuri: Wizara yetu ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao ulioko Dar, kisha wizara yao ya mambo ya nje kulekule. Muhuri unataka karatasi. Cheti cha fundi kilifungwa plastiki miaka mingi iliyopita ili kisiingie maji, na wino wa muhuri juu ya plastiki unafutika kwa kidole. Kwenye skana inarudi michirizi ya mwanga, nusu ya majina haisomeki. Kuna watu hubandua plastiki kwa pasi ya moto. Nimeona matokeo yake: plastiki inatoka na maandishi yamebaki kwenye plastiki. Fundi itabidi aandike barua chuoni kwake kuomba nakala nyingine.

Badala ya laminesheni tunauza mifuko ile ya uwazi ya kutumbukiza karatasi. Inakinga vumbi la Dodoma, na ofisa akitaka karatasi anaichomoa.

5 Machi

Marekebisho ya NIDA ya muuguzi yamekubalika, tukaingia kwenye pasi. Fomu inajazwa mtandaoni, unalipa 20,000 mwanzo na salio baadaye hadi itimie 150,000. Pasi ya kawaida inaishi miaka 10. Kwa hili mtu wa Dodoma ana nafuu: makao makuu ya Uhamiaji yapo hapahapa, wizara zipo Mtumba, Bunge lipo, kila mhuri wa serikali unaufikia kwa bajaji au daladala. Balozi karibu zote ndizo zimebaki Dar. Karatasi za nyumbani zipo mlangoni, za ugenini zinataka safari.

Fundi anayo pasi, ni ya mwaka 2018. Hizo pasi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, maana yake za kwanzakwanza zinaisha 2028. Kwa sasa inatosha, lakini akienda, akaongeza mkataba 2027, ataomba kibali kipya cha ukaazi huku pasi imebakiza miezi. Nchi nyingi hazitaki hata kukuingiza pasi ikiwa na chini ya miezi sita. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa mbele tarehe ya pasi kuisha imepewa kisanduku chake juu kabisa, kikubwa kuliko cha picha.

22 Machi

Jedwali la tarehe limeanza kufanya kazi, na nadhani hapa ndipo mradi wenyewe ulipo. Yale mengine ni usafi.

Tumezigawa karatasi mafungu mawili, na majina tumeyatoa jikoni: mtama na mchicha. Mtama unawekwa ghalani, mwakani unaukuta. Mchicha ukichuma asubuhi, jioni umelala. Mtama ni cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), vyeti vya shule na chuo, NIDA, kiapo cha majina, pasi. Mchicha ni cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho wapokeaji wengi wanakitaka kisizidi miezi mitatu au sita, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, bima ya safari, cheti cha kipimo cha kifua kikuu kwa wanaokwenda Uingereza kwa muda mrefu, ambacho kinadumu miezi sita tu. Hata picha ni mchicha. Ujerumani wanataka picha isiyozidi miezi sita, milimita 35 kwa 45. Marekani wanataka inchi 2 kwa 2, na hapa dukani vijana wameshazoea kukata zote kwa kipimo kimoja, tabia ambayo imekoma juzi.

Karibu kila mteja anaanza na mchicha. Anasikia kuna kazi nje, kesho yake yupo polisi anapiga alama za vidole, kwa sababu hiyo inaonekana kama ndiyo hatua ya safari. Wakati huo jina la babu bado lina h. Likija kunyooka, cheti cha polisi kimelala.

Jedwali linarudi nyuma kuanzia tarehe ya miadi ubalozini. Ukiingiza tarehe, kila mchicha unaonyesha siku ya mapema zaidi unayoruhusiwa kuuchuma. Cheti cha lugha kilitusumbua kukipanga. Chenyewe hakina tarehe ya kuisha, lakini ofisi inayokipokea inaweza kusema kimezeeka. Mdogo wangu amekipaka rangi ya njano na kuandika "uliza." Sina ubishi.

Majina ya mafaili ya PDF nayo tumeyanyoosha: 01_pasi, 02_cheti_kuzaliwa, 03_kiapo_majina, kuendelea. Ile ya "skani mpya mpya final 2" imepigwa marufuku.

10 Aprili

Leo fundi amekuja na baba yake kutoka Bahi. Mzee kavaa koti, fimbo mkononi, kaketi kwenye benchi la wateja akatazama printa kwa muda. Tumeamkiana vizuri, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, habari za huko, mvua je. Kisha akasema lililomleta. Wakala anataka mamilioni kadhaa, na mzee alikuwa amepanga kupeleka ng'ombe mnadani Msalato Jumamosi hii. Kabla hajauza, kaona apite kwa "binti wa makaratasi" asikie.

Nikamwomba fundi afungue simu anionyeshe alichotumiwa. Ilikuwa picha ya viza ya kutembelea, imetolewa kwa jina lake, na ujumbe wa sauti unaosema utaingia na hii, kazi utabadilishia hukohuko.

Nilichomweleza mzee, na sasa kimeingia kwenye karatasi yetu ya maelekezo ya Dubai neno kwa neno:

Viza ya kutembelea haimruhusu mtu kufanya kazi. Kubadilisha hali ukiwa ndani ya nchi kunawezekana kisheria, lakini anayekubadilishia ni mwajiri. Kama mwajiri hayupo, siku zako zinahesabika, na zikipita faini ni dirham 50 kwa kila siku. Njia iliyonyooka inaanza na mwajiri: anakutumia ofa ya kazi, mnasaini, anaomba kibali cha kazi kwenye wizara yao, ndipo inatoka ruhusa ya kuingia kwa ajili ya ajira, nawe bado upo Chang'ombe unakunywa chai. Ukishafika unapimwa afya, unapigwa alama za vidole, unapata kitambulisho cha mkazi na ukaazi ambao kwa kawaida ni wa miaka miwili. Kwenye afya wanapima VVU na kifua kikuu, na majibu yanaweza kukunyima ukaazi, kwa hiyo jipime hapa kwanza, kimya kimya, kabla hujauza kitu.

Halafu la pesa. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, awe anamtoza mwenyewe au kwa kupitia mtu mwingine. Inakataza pia kumshikia pasi. Na huku kwetu wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni. Serikali ina huduma yake ya ajira pia, TaESA, na kuwauliza ni bure.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo huyu bwana ng'ombe wangu anawataka wa nini?"

Sikumjibu, ila mwanawe alijibu kwa kuufuta ule ujumbe wa sauti. Nikamwomba asiufute, auhifadhi, ni ushahidi. Ng'ombe hawaendi Msalato Jumamosi.

Hali ya faili la Dubai: limesimama mpaka ofa iliyosainiwa ije kutoka kwa mwajiri mwenyewe.

28 Aprili

Umeme umekatika mchana kutwa. Tumepanga mafaili rafuni na kukata lebo kwa mkasi.

14 Mei

Muuguzi kaenda Dar kwa miadi ya ubalozi na karudi leoleo. Kabla ya treni ya SGR kuanza kufika Dodoma mwaka jana, safari hii ilikuwa basi la kutwa, gesti Kariakoo na kuamka na macho mekundu. Sasa daraja la kawaida ni shilingi 31,000, unafika ukiwa na nguo iliyonyooka. Kwenye ukurasa wa Dar tumeongeza mstari: usikate tiketi ya kurudi ya mapema mno, foleni haina ratiba.

Naandika njia yake kwa urefu kwa sababu wauguzi wenzake watano wameshauliza.

Uuguzi Ujerumani ni taaluma inayolindwa kisheria, kwa hiyo mkataba wa kazi peke yake hautoshi. Cheti chako kinapelekwa kwanza kwenye mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi, wakilinganishe na mafunzo yao. Jibu la kawaida kwa wanaotoka nje ya Ulaya ni Defizitbescheid, barua inayosema mafunzo yako yanatambuliwa kwa sehemu, na pengo ni hili na hili. Watu wakiiona wanalia, wanadhani wamekataliwa. Hapana, hiyo barua ndiyo inayofungua mlango: kwa kuishika unaweza kuombewa viza ya kwenda kuziba pengo, ama kwa mafunzo ya kujazia ama kwa mtihani, huku unafanya kazi kama msaidizi. Ukimaliza, na lugha ikiwa imefika kiwango kinachotakiwa, kwa kawaida B2, ndipo unakuwa muuguzi kamili kwa sheria zao na mshahara unapanda. Yeye alisoma Kijerumani jioni baada ya zamu, akafanyia mtihani Dar, Goethe-Institut.

Mwajiri wake alitumia utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi. Ni mwajiri anayeuanzisha kule, kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, kwa ada ya euro 411. Idhini ikitoka, ubalozi unatakiwa kukupa miadi ndani ya wiki tatu. Ada ya viza yenyewe ni euro 75. Ushauri wangu kwa wauguzi: kwenye mahojiano na mwajiri muulize kama atatumia utaratibu huo. Akishangaa swali, mshangae na wewe.

Dirishani walimtaka apange karatasi kwa mfuatano wao. Alikuwa na seti mbili za nakala kwenye ile mifuko ya uwazi, akachomoa moja moja. Kiapo cha majina kilitazamwa, kikageuzwa nyuma, kikawekwa pamoja na vingine. Basi.

17 Juni

Viza imetoka. Tumeifungua mezani, watu watatu, taa ya meza imewashwa, tukaisoma kabla ya kupiga vigelegele. Hii nayo imekuwa hatua rasmi ya faili: kusoma stika. Jina herufi kwa herufi. Namba ya pasi. Aina ni D, yaani viza ya kitaifa ya kukaa muda mrefu. C ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na mwenye C akisema anakwenda kuajiriwa, kuna mtu kamdanganya. Kisha vom na bis, tangu na hadi, halafu maelezo ya chini yanayotaja kifungu cha sheria na kazi aliyoruhusiwa.

Tarehe ya bis ndiyo inayowachanganya watu. Mume wake aliisoma akanywea: "Mbona wamempa miezi tu, na mkataba ni wa miaka?" Stika ni ya kuingilia. Kibali cha kuishi kinaombwa kulekule, kwenye ofisi ya wageni, na lazima kiombwe kabla ya tarehe hiyo. Tumeiandika kwenye jedwali, pamoja na kengele ya wiki nane kabla yake. Faili halifungwi mtu akipanda ndege. Mwanzoni tulipanga lifungwe hapo, sasa lina sehemu ya pili.

23 Julai

Faili la Uingereza limebadilika jana. Tangu tarehe 22 Julai njia ya kuajiri walezi wapya kutoka nje ya nchi imefungwa. Tangu Machi 2024 walezi walikuwa tayari hawaruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi bado ipo kwa kazi nyingine, lakini kima cha chini cha jumla cha mshahara kimepandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka, na orodha ya kazi zinazokubalika imepunguzwa.

Nimempigia yule dada. Wakala wake asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwambia alipe haraka "kabla hawajafunga." Nikamsomea tarehe. Akanyamaza, kisha akauliza kama hela ya utangulizi itarudi. Hilo sina jibu lake la kupendeza. Nimempa namba ya mwanasheria anayetusainia viapo, na nimemwambia achapishe mazungumzo yote ya WhatsApp, hapa dukani, bila malipo.

Ana stashahada ya ustawi wa jamii. Tumeanza kuangalia njia nyingine, bila haraka. Karatasi zake za mtama zote zipo tayari, hazijapotea bure.

12 Agosto

Jumbe za sauti zimeanza kuja kutoka Ujerumani. Muuguzi anatuma usiku akitoka zamu, tunaandika asubuhi.

La kwanza, Anmeldung: kujiandikisha makazi kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Hawataki mkataba wa pango tu, wanataka fomu maalumu ambayo mwenye nyumba anasaini kwamba kweli umehamia kwake. Yeye anakaa kwenye nyumba ya mwajiri, fomu akapewa siku ya pili. Wenzake waliofikia kwa rafiki wamehangaika, maana rafiki mwenyewe ni mpangaji na anaogopa kusaini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenyeji wako kabla hujapanda ndege ni hili: utanisainia fomu ya makazi? Ukarimu wa godoro peke yake haukusaidii.

La pili sikulitegemea kabisa. Sanduku la barua. Kule namba ya kodi ya mapato inakuja kwa posta, kadi ya bima ya afya inakuja kwa posta, PIN ya benki inakuja kwa posta, na tarishi anaangalia jina lililobandikwa kwenye sanduku la mlangoni. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Alikuwa ameshasubiri namba ya kodi na haiji, mpaka mwenzake Mfilipino akamwonyesha kasanduku na kumwuliza, jina lako liko wapi? Alibandika karatasi siku hiyohiyo. Sisi watu wa sanduku la posta la shule au la parokia tungelijulia wapi hili. Limeingia ukurasa wa kwanza wa sehemu ya pili, juu ya mambo ya benki.

9 Septemba

Kengele ya wiki nane imelia kwenye jedwali. Muuguzi ameomba miadi ofisi ya wageni ya mji wake, na nafasi aliyopewa ni baada ya viza kuisha. Mume akaja dukani mbio, ameacha pikipiki inanguruma nje.

Nilimtuliza kwa kumsomea kanuni: kinachohesabika ni siku uliyowasilisha maombi. Ukiomba kibali kabla viza haijaisha, ukaazi wako unahesabika kuendelea hadi waamue, na unaruhusiwa kuendelea na kazi ileile. Ushahidi wake ni karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, jina refu kama treni yenyewe. Aliiomba kwa maandishi, akaambatanisha uthibitisho wa siku ya maombi, nakala akamwachia mwajiri wake. Imefika kwa posta. Kwenye sanduku lenye jina.

Kuhusu kuja nyumbani Krismasi, tumemshauri aulize ofisi hiyohiyo kwa maandishi kabla ya kukata tiketi.

Mume ana swali lake la mbele zaidi, la uraia, na wengi wanalo, kwa hiyo tumeliandikia nusu ukurasa. Ujerumani, tangu Juni 2024, mtu anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano na hawamlazimishi kuacha wa kwao. Sheria ya Tanzania ndiyo haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kule kwa hiari, wa huku umeuacha. Hadhi maalumu kwa diaspora iliyopitishwa na Bunge letu si uraia. Ila kuna kitu katikati ambacho watu hukiruka: kibali cha ukaazi wa kudumu. Mfanyakazi mwenye ujuzi aliyekwisha kutambuliwa anaweza kukiomba baada ya miaka mitatu ya kazi na michango ya pensheni, akiwa na Kijerumani cha B1, na pasi yake ya Tanzania inabaki mfukoni. Mume kasoma mara mbili, kaomba fotokopi.

6 Oktoba

Toleo la tatu la karatasi ya maelekezo limepelekwa kuchapishwa. Pande mbili, A4, Kiswahili kitupu isipokuwa majina ya nyaraka ambayo mtu atakutana nayo hivyohivyo dirishani.

Fundi viyoyozi amepata ofa kutoka kampuni nyingine, safari hii imekuja kwa barua pepe ya kampuni yenyewe na tayari wanaulizia cheti cha ufundi. Nakala mpya kutoka chuoni imefika, haina plastiki. Kesho inakwenda Mtumba kupigwa muhuri wa kwanza, halafu yeye anapanda treni kwenda ubalozini.

Kinachofuata kwenye mradi ni ukurasa wa Afrika Mashariki. Vijana wengi wanadhani kwa kuwa itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010, basi unakwenda Nairobi au Kigali na kitambulisho tu unaanza kazi. Kuvuka mpaka ni rahisi, kibali cha kazi bado kinaombwa, na masharti ya nchi hayafanani. Mdogo wangu ameshafungua safu mpya kwenye jedwali. Bei ya faili inabaki ileile, na anayekuja na bahasha iliyolaminetiwa anaandikiwa barua ya kuomba nakala, bila maneno.